Usichague Mkondo kwa Kuikimbia Hisabati

Wadogo zangu wa Gredi ya 9, swali linalonifikia zaidi siku hizi ni hili: "Dada, ni mkondo gani wa sekondari pevu usio na Hisabati?"

Hakuna. Najua mlisikia kwamba Hisabati ingekuwa somo la hiari kuanzia Gredi ya 10, na wengi wenu mkashangilia. Wadau wakapinga, na mnamo Aprili 2025 Waziri wa Elimu wa Kenya, Julius Ogamba, akatangaza kwamba kila mwanafunzi atalisoma. Kilichogawanywa ni uzito wake. Watakaokwenda mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi watasoma Hisabati nzito. Wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Michezo watasoma iliyo nyepesi. Mimi naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Mtoto wa miaka 15 hafai kufungiwa mlango asioujua bado.

Binti mmoja wa mtaani kwetu alinijia na karatasi ya kujaribia chaguo lake. Alikuwa ameandika Sanaa na Michezo, akafuta, akaandika Sayansi za Jamii, akafuta tena hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Nikamuuliza anataka kufanya kazi gani. Akanijibu bila kusita: uuguzi. Lakini uuguzi unataka Biolojia na Kemia, masomo ya mkondo wa sayansi! Alikuwa anaikimbia Hisabati huku ndoto yake akiiacha nyuma.

Nanyi mliosalia katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, msilewe afueni. Tangu mtihani wa KCSE wa 2023, gredi ya jumla hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine 5 uliyofanya vyema zaidi. Zamani lugha zote mbili na sayansi mbili zilihesabiwa, upende usipende. Afueni hiyo ni ya gredi ya jumla tu. Chuo kikuu hutazama pia masomo ya kozi yenyewe, na anayetaka uhandisi bado ataulizwa Hisabati, Fizikia na Kemia. Nimeona vijana wenye gredi nzuri wakikosa kozi waliyoililia kwa sababu ya somo moja walilolitupa.

Wazazi, msimchagulie mtoto mkondo kwa sababu binamu yake ni daktari. Nawe mdogo wangu, andika kozi 2 unazozitaka, umpelekee mwalimu wako, na umuulize kila moja inadai masomo gani. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujajaza chochote.