Maumivu Yanayoanzia Kiunoni na Kuishia Unyayoni

Wanachuo tunaopanga Nkuhungu tunaupa mgongo kazi ngumu. Geto halina meza, kwa hiyo unadesa kitandani, laptopu mapajani, shingo imekunjwa. Maji yakikatika unabeba dumu la lita 20, yaani kilo 20, kwa mkono mmoja. Mimi huu ni mwaka wa pili naishi na maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi unyayo wa kushoto.

Ukisema kiuno mtaani, kila mtu ana ugonjwa wake. Duka moja la dawa liliniambia ni figo. Jirani akasema ngiri. Muuza dawa za asili akaunganisha na nguvu za kiume, akanitajia bei. Hakuna aliyeniuliza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, na hilo ndilo swali lenyewe.

Neva ya siatiki ndiyo kubwa kuliko zote mwilini. Mizizi yake inatoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inapita takoni, nyuma ya paja, inagawanyika karibu na goti na kuendelea hadi mguuni chini. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa mto mdogo: nje ngumu, ndani laini. Sehemu ya nje ikichanika, ya ndani hutokeza na kuubana mzizi wa neva. Tatizo liko kiunoni, lakini anayelia ni mguu. Ndiyo maana kuchua shavu la mguu peke yake hakumalizi kitu.

Daktari alinilaza chali akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka. Haujafika mbali, kitu kama umeme kikapita toka takoni hadi vidoleni. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na kinasema jambo ambalo eksirei haisemi, kwa sababu eksirei haionyeshi neva wala diski.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, maana mara nyingi sehemu iliyotokeza husinyaa yenyewe. Yakipita miezi 3, yanaitwa sugu. Na hapo hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu unapendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kiuno inayouzwa kila kona haipendekezwi.

Kwangu mimi kilicholeta nafuu ni vitu vidogo vya kila siku. Kila dakika 30 za kusoma nasimama, hata kama diskasheni imenoga. Jioni, jua la Dodoma likipoa, natembea dakika 20 barabara za mtaani. Maji nagawa kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha pia kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, mara kadhaa kwa siku. Alinipa na kanuni: maumivu yakipanda kutoka unyayoni kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo, hiyo ni dalili nzuri. Yakishuka zaidi mguuni, acha zoezi hilo urudi kwake. Kulala kitandani siku nzima hakusaidii. Misuli inalegea na mwili unazidi kukakamaa.

Dawa kama diklofenaki zinapunguza maumivu kwa muda, ila kuzimeza kwa wiki nyingi bila daktari kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo zile zile ulizoambiwa ni mbovu. Usingizi nao ni sehemu ya tiba. Kwangu wiki ya UE maumivu hupanda, kwa kuwa msongo na kukesha huufanya mwili uhisi maumivu zaidi.

Sasa sehemu ya kukariri. Ukiona ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, au miguu inaishiwa nguvu, usisubiri asubuhi. Chukua bajaji nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa usiku huo huo. Neva zikibanwa hivyo, kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Na kama mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, omba upimwe kifua kikuu, maana hushika hata uti wa mgongo, na kinatibika. Ukifika mapokezi usiseme "kiuno" tu. Onyesha kwa kidole njia yote ambayo maumivu yanapita.