Je, Mnawajua Majirani Zenu?

Wapenzi wanandoa, jiulizeni leo jioni: tukipatwa na shida saa nane usiku, tutagonga mlango wa nani? Huenda ndugu zenu wako Kitui, Siaya au Bungoma, na basi la kwanza ni la asubuhi. Lakini nyuma ya ukuta wa chumba chenu yupo mtu anayemsikia mtoto wenu akikohoa. Mnajua jina lake? Kitabu cha Methali, sura ya 27, kinafundisha kwamba jirani wa karibu hufaa kuliko ndugu wa mbali, na aliyeyaandika hayo hakupata kuishi Kayole wala Githurai.

Katika nyumba nyingi ujirani umeachiwa mke. Yeye ndiye anayekutana na wenzake penye bomba la maji na kwenye kamba za kuanika nguo, nao humwita Mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mume hutoka alfajiri, hurudi giza limeingia, akajifungia ndani. Miaka mitatu ikapita, naye hajui hata jina la mtu wa mlango wa pili. Hapo shida huanza, nayo ni shida ya ndoa. Mume asiyewajua majirani huwashuku. Akimkuta mkewe akicheka na mwanamke wa chumba cha tano, hudhani anachekwa yeye. Akisikia kwamba mwanamume fulani alimsaidia mkewe kubeba mtungi wa gesi, hulala na donge moyoni. Wengine hufikia hata kumkataza mke asivuke kizingiti. Mke aliyefungiwa hivyo huwa mpweke, na upweke wake huzaa hasira inayomrudia mume yule yule.

Kwa hiyo, nendeni wawili. Mkihamia mahali, katika juma la kwanza piteni pamoja jioni kwenye milango ya karibu, mtaje majina yenu na ya watoto, kisha mrudi kwenu. Dakika kumi zatosha; chai itakuja siku nyingine. Ulizeni mambo ya kawaida: maji hutoka siku gani, bili hugawanywa vipi, lango hufungwa saa ngapi. Mtu hufurahi kuulizwa jambo analolijua. Tangu siku hiyo mume atajua ni nani aliyebeba mtungi, na aliyebeba atajua mwenye nyumba ile kwa jina.

Sisi Wakatoliki tuna mlango mwingine pia, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, walizipa jumuiya hizo nafasi ya kwanza katika uchungaji, ili majirani wasome Injili nyumbani kwa mmoja wao na kujua nani mgonjwa, nani amefiwa. Lakini tazameni ni nani hasa huhudhuria: akina mama! Waume, mko wapi? Zamu ya kwenu ikifika, mume asijitafutie safari. Awapokee wageni mwenyewe.

Wala jirani si mwanajumuiya peke yake. Yesu alipoulizwa habari za jirani alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa taifa lisilopatana na Wayahudi. Jirani Mwislamu akiwaletea sahani ya pilau siku ya Idd, sahani hiyo isirudi tupu. Jihadharini pia na maneno yenu juu ya makabila mengine watoto wakiwa mezani. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika nchi hii, wako majirani waliofukuzana na wako waliofichana nyumbani mwao.

Hata hivyo, kujuana si kuanika kila kitu. Pataneni mapema juu ya mambo ya kubaki ndani: mshahara, madeni, chumba cha kulala, kasoro za wakwe. Mke asimpelekee jirani wa kiume ugomvi wa ndoa, wala mume asimpelekee jirani wa kike. Huruma ya namna hiyo imevunja ndoa.

Lakini siri ya nyumba ina mpaka. Anayepigwa na agonge mlango wa jirani, na jirani aliyesikia kilio asiongeze sauti ya redio. Kenya imekuwa na sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, na Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2016 juu ya upendo katika familia, alisema wazi kwamba ukatili huo unapingana na muungano wa ndoa. Hakuna fundisho la Kanisa linalomtaka mtu afe kimya.

Kabla ya kulala, jadilianeni haya. Mume, taja majirani watano kwa majina bila kumwuliza mkeo. Mke, kuna jambo gani la nyumba hii ambalo jirani analijua, na mumeo hajui kwamba analijua? Ufunguo wetu wa pili tungemwachia nani? Na yule mzee anayeishi peke yake ghorofa ya chini, mara ya mwisho tulimwona lini?