Kwani Kuitwa Mrundi ni Tusi?

Haya, wadogo zangu, leo naanza na binti wa Kigoma anayeuza vitenge Kariakoo. Ameniambia kila akifungua mdomo mteja humkodolea macho na kumwuliza, "Dada, wewe Mrundi?" Wengine humwita Mkongo. Amechoka hadi amefikia hatua ya kunyamaza kwenye daladala, na juzi amepitilizwa kituo kwa kuona haya kusema "shusha". Pole, mdogo wangu. Kurudi kwa miguu kwenye jua la saa nane kwa sababu ya aibu ya ulimi ni mateso, na wala si wewe peke yako; wengi wananiletea kilio hicho hicho. Ila nikishakupa pole nitakugombeza, na ukubali kugombezwa, maana mimi ni dada yako.

Tuwaonee huruma kidogo hao wateja. Kiha cha kwenu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mha na Mrundi wakikutana sokoni huelewana bila mkalimani. Mpaka uliowatenganisha walichora Wazungu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Vita vilipokwisha, Mwingereza akachukua huku na Mbelgiji akachukua kule, na Kigoma yenyewe ilikaa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916 hadi 1921. Pale Ujiji kuna koo za Wamanyema ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka Kongo enzi za misafara, karne ya 19, na leo ni watu wa Ujiji wasio na kwao kwingine. Sasa mtu wa Dar akisikia unavyovuta maneno, unavyopandisha sauti na kuishusha, akaihisi Bujumbura, sikio lake halijamdanganya sana. Limesikia jirani yako. Kosa lake ni haraka.

Sasa nikuulize jambo, na ujibu moyoni bila kunidanganya. Hukuniambia kwamba wanakosea kwenu ni wapi. Uliniambia, "Dada, wananitukana." Wananitukana! Mdogo wangu, tangu lini Mrundi akawa tusi? Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia watu wapatao 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni Watanzania kama wewe, wanalima, wanafundisha, wanazika na kuoana na wenzetu. Siku mmoja wao akisimama mbele ya meza yako ya vitenge na kukuona unavyoruka kwa kufananishwa naye, atajisikiaje? Umemwumiza mtu ambaye hakukugusa. Hapo ndipo ninapokugombeza. Kinachokuchoma si kwamba umekosewa. Ungeitwa Mzanzibari ungetabasamu na kupunguza bei. Kinachokuchoma ni kwamba umewekwa kundi la watu ambao wewe mwenyewe umeshawashusha.

Najua utasema dada ananionea. Sikuonei. Tumelelewa hivyo wengi wetu, tunanyonya dharau tukiwa watoto bila kujua ni dharau, kwa hiyo sikulaumu kwa kuwa nayo. Nitakulaumu ukiendelea kuifuga.

Na ili usidhani nimekutafuta wewe tu, hebu nimlete kijana wa Mombasa aliyeko Nairobi, maana ugonjwa wenu ni mmoja ingawa yeye anaukenulia meno. Huyu akisema "naomba" na "samahani" kwenye hoteli ya chakula, wahudumu wanamgeukia: "Wewe ni wa Tanzania, sivyo?" Mwanzoni alikuwa akikana. Baadaye akaona kumbe Mtanzania anapewa tabasamu, anaambiwa ana adabu, ana Kiswahili kitamu. Akaacha kukana. Kisha akaanza kukubali. Kisha, na hapa ndipo nilipojishika kichwa, akamwambia mama wa msichana anayetaka kumwoa kwamba yeye ni wa Tanga.

Tanga! Ukitaka kudanganya mji, usichague mji ambao mitaa yake imehesabiwa. Yule mama ana dada aliyeolewa huko. Akauliza kwa furaha tele, "Tanga barabara ya ngapi?" Kijana akabaki ameshika kikombe cha chai. Akasema wamehama siku nyingi, hakumbuki vizuri. Mama wa watu hakusema kitu, ila binti ameshaanza kuulizwa maswali usiku. Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako imeishia sebuleni kwa wakwe.

Hata hivyo nawaelewa watu wa Nairobi kumsikia hivyo. Kiswahili walichofundishwa shuleni kimejengwa juu ya Kiunguja. Tena, jambo la kuchekesha, mkutano ulioamua hivyo ulifanyika Mombasa kwenyewe, mwaka 1928. Kimvita kikashindwa nyumbani kwake. Huyu kijana akiwa kwa nyanya yake Mji wa Kale anasema "mato" kwa macho na "mtele" kwa mchele, na akiitwa anaambiwa "ndoo" wala hatafuti ndoo ya maji. Akifika Nairobi anayaficha hayo ili aeleweke, anabaki na kile cha vitabuni chenye ladha ya pwani, na mtu wa bara akisikia ladha hiyo anaruka moja kwa moja hadi Dar. Wala haikuanza leo: ukanda ule wa pwani ya Kenya, maili 10 kutoka baharini, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Unguja hadi 1963. Wadigo nao wako Kwale na wako Tanga, na ukiwasikiliza hutajua Lungalunga inaishia wapi na Horohoro inaanzia wapi. Kwa hiyo kufananishwa hakuna kosa. Kosa ni kukalia kiti ambacho si chako kwa kuwa kina mto laini.

Mnaona sasa? Mmoja analia kwa kuwekwa na anaowaona wa chini, mwingine anacheka kwa kuwekwa na anaowaona wa juu. Wote wawili wamepanga watu ngazi kwa ngazi halafu wanangoja wageni wawaambie wasimame ngazi ipi. Ndiyo maana maneno ya mteja na ya mhudumu wa hoteli yana nguvu kiasi hicho juu yenu. Mtu anayejua atokako, akikosewa anasahihisha na kuendelea na maongezi.

Sisemi usibadilishe usemi kabisa. Huo nao ni ushamba wa aina yake. Ukikaa Dar miaka, ulimi utazoea wenyewe, na hakuna dhambi kupunguza maneno ya kwenu ili mteja akuelewe. Lakini binti wa Kigoma ameniambia anajifunza kusema kama watu wa mjini kwa kuiga watangazaji, anarudia maneno bafuni. Halafu likizo alipokwenda kwao Kasulu, shangazi zake wakamwambia anajidai wa Dar na anabana pua. Sasa mjini Mrundi, kijijini mjivuni. Utaishi wapi, mwanangu? Mwiga tembo huishia kupasuka msamba, na wakubwa hawakusema hivyo kwa mzaha.

Kuna mahali ambapo jambo hili si la kucheka hata kidogo, na ninawaomba mnisikilize kwa makini. Sokoni ukifananishwa unakasirika na kulala. Mbele ya meza yenye mihuri ni hadithi nyingine. Ndugu zetu wa mikoa ya mpakani wanajua jinsi lafudhi inavyoweza kukuongezea maswali unapofuatilia kitambulisho cha taifa. Na huko nje ni zaidi. Ulaya, mwomba hifadhi anaweza kurekodiwa akizungumza, kisha wachambuzi wakasikiliza na kuamua usemi wake ni wa nchi gani. Wazia Mbajuni wa visiwa vya Kismayu na Mbajuni wa visiwa vya Lamu, usemi karibu mmoja, mashua zao zimepishana bahari hiyo hiyo tangu enzi, halafu karani aliye mbali awatenganishe kwa sikio: huyu wa Somalia apewe hifadhi, huyu wa Kenya arudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikuwa na kesi ya watu waliosema wametoka Somalia, na ripoti za wachambuzi zikasema usemi wao ni wa Kenya. Majaji wakaonya kwamba ripoti za namna hiyo zisibebwe kwa macho yaliyofumbwa, kila moja ipimwe kivyake, na mchambuzi asitoke nje ya utaalamu wake. Wanaosoma Biblia wanakumbuka Waamuzi 12, watu 42,000 waliokufa kwenye vivuko vya Yordani kwa kutamka neno moja tofauti na wenzao. Sikio la binadamu limepewa mamlaka makubwa tangu zamani, na limekosea tangu zamani.

Kwa hiyo, wewe wa Kigoma, na wa Kagera, na wa Kwale, siku ukiitwa ofisini uende na ulimi wako ule ule wa nyumbani. Usijitie lafudhi ya Ilala mbele ya ofisa. Ukifanya hivyo, halafu mama yako akafika kama shahidi akizungumza kama watu wa Kasulu, umejitilia shaka mwenyewe bila kuombwa. Beba cheti chako cha kuzaliwa, cha shule ya msingi kama unacho, jua jina la kijiji chenu na la mwenyekiti wake, jua babu yako alizikwa wapi. Jibu taratibu. Ukiulizwa kwa ukali usijibu kwa ukali, na usianze kuwatukana Warundi ili kuonyesha wewe si mmoja wao. Nimewasikia wanaofanya hivyo. Hakumsaidii mtu, na kunatia aibu.

Nyinyi wengine mnaosoma huku mnatingisha kichwa kwa kuwahurumia hawa wawili, nyani haoni kundule. Ni nani humu ndani anayemwigiza Mkurya akisema "kura" badala ya "kula" ili wageni wacheke? Ni nani anayemwita binti wa kazi sebuleni aseme neno fulani mbele ya shoga zake kwa sababu analitamka kwa namna ya kwao? Yule binti anacheka pamoja nanyi, ndiyo, afanyeje, lakini akirudi jikoni anaanza kupunguza maneno. Baada ya mwezi utalalamika kwamba ana kiburi, haongei. Watoto wako wamekaa pale wanatazama, wanajifunza nani wa kuchekwa. Acheni. Nawaambia kwa upendo lakini nawaambia: acheni.

Binti yangu wa vitenge, kesho mteja akikuuliza kama wewe ni Mrundi, mwambie, "Hapana dada, mimi ni wa Kigoma, mwisho wa reli. Wewe je, wa wapi?" Mwache naye aeleze kwao, maana Dar nzima imetoka mahali. Wengi watakupa historia ya ukoo na kununua doti mbili. Na akija Mrundi wa kweli, mkaribishe kwa Kiha. Hakuna muuzaji mwingine hapo mtaani mwenye mtaji huo, na hao wanaokuja kutoka ng'ambo ya mpaka kufuata mzigo hawanunui kidogo kidogo.

Na wewe wa Mombasa, usinizungushe. Anza na msichana, mweleze leo, peke yenu, kabla hajaelezwa na mama yake. Kisha nenda mwenyewe kwa mama mkwe. Usitume rafiki, usiandike ujumbe wa simu. Mwamkie kwa adabu ile ile iliyokufanya uitwe Mtanzania, umwambie, "Mama, mimi ni wa Mombasa, nilikosea kusema Tanga, naomba radhi." Atanuna, ana haki ya kununa. Usimpe sababu kumi, wala usiseme ni watu wa Nairobi waliokuanza. Hapo ndipo utakapojua kama wanakutaka wewe au lafudhi yako, na hilo ni bora ulijue kabla wazee wako hawajapanda basi kuja kuposa. Nenda wiki hii.