Jinsi ya Kusoma Ubao wa Matangazo wa Maktaba ya Umma

Ubao wa matangazo wa maktaba ya umma husomwa na watu wawili tu: aliyebandika tangazo na mlinzi anayekaa chini yake. Wengine wote hupita. Nasema hivi kwa sababu likizo iliyopita nilifanya fildi wiki nane kwenye maktaba ya umma ya mkoa, na mojawapo ya kazi nilizopewa ilikuwa kuuandaa huo ubao: vitabu vipya vya mwezi, ratiba ya Jumamosi, mafunzo yanayokuja, huduma iliyoongezwa. Mimi nasoma ukutubi. Lakini makala haya hayawahusu watu wa fani yangu. Yanakuhusu wewe uliyeko sheria, uhandisi, ualimu au biashara, unayekwenda maktaba ya mjini na begi la madesa, unatafuta kiti kilicho karibu na feni na soketi, unapiga msuli mpaka saa ya kufunga, kisha unaondoka. Kwenye ule ubao kuna mambo yako kabisa, ila yameandikwa kwa lugha ya wakutubi. Nataka tuisome pamoja.

Kwanza tuelewane maktaba hii ni ya nani. Bodi ya kusimamia huduma za maktaba Tanganyika iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na jengo la Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohammed, Dar es Salaam, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1975 ikaja sheria mpya, ndiyo ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoijua leo, na maktaba za mikoa ziko chini yake. Maktaba ya chuo hununua vitabu ikiangalia mitaala. Maktaba ya umma inauangalia mji mzima: mtoto wa darasa la tatu, fundi, mama lishe anayetaka kujua habari za kodi, mzee mstaafu anayefuata gazeti la leo, na wewe. Ndiyo maana ubao wake unaonekana kama umechanganyikiwa.

Sasa tuanze na karatasi iliyoandikwa VITABU VIPYA. Neno "vipya" hapa linapotosha. Haina maana kwamba kitabu kimechapishwa mwaka huu. Maana yake kimeingia kwenye maktaba hii mwezi huu: kimepigwa muhuri, kimepewa namba kwenye daftari la kuandikishia vitabu, kimebandikwa lebo mgongoni, kimepelekwa rafuni. Kinaweza kuwa kimechapishwa miaka kumi iliyopita. Kuna vinavyonunuliwa, kuna vinavyotolewa na wachapishaji au wasomaji, na kuna vinavyokuja kwa maboksi kama msaada. Shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanza mwaka 1954, ni mmoja wa watumaji wa siku nyingi wa vitabu kwenye maktaba za Afrika, zetu zikiwemo. Vitabu vya msaada ni vizuri, hasa vya udaktari na sayansi ambavyo bei yake dukani inaweza kumaliza bumu lote. Ila kwa sehemu kubwa ni vya Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili hakiji kwa boksi kutoka ng'ambo. Lazima mtu aamue kukinunua kwa fedha kidogo zilizopo.

Mtu huyo anaamuaje? Pale nilipokuwa mimi, kulikuwa na daftari la mapendekezo ya wasomaji mezani, limefungwa kwa kamba na kalamu yake. Mkutubi hulipitia kabla ya kuandika maombi ya ununuzi. Nililisoma lote kwa udadisi. Kurasa nyingi zilikuwa za wanafunzi wa sekondari wakiomba vitabu vya mitihani, na Waislamu na Wakristo wakiomba vitabu vya dini. Wanachuo, tuliokuwa tumejaza nusu ya viti, hatukuwa tumeandika karibu chochote. Halafu tunalalamika kwamba pale hakuna kitu cha ngazi yetu! Ukitaka kitabu fulani cha uchumi au riwaya mpya, andika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji. Ni dakika mbili. Hakuna anayekuahidi kwamba kitanunuliwa, lakini kisichoandikwa hakina hata pa kuanzia.

Ukishaona kitabu kwenye orodha, utakikuta na namba. Hapa wengi huachia njiani. Namba hizo ni za mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, na una upendeleo wa wazi. Fasihi iko kwenye 800. Kiingereza cha Uingereza kimepewa 820 yote, Kijerumani 830, Kifaransa 840. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika, mamia kwa mamia, zimebanwa ndani ya 896, na ya Kiswahili ukiihesabu hadi mwisho ni 896.392. Ukitaka vitabu kuhusu lugha yenyewe, sarufi na mengineyo, nenda 496.392. Historia ya Tanzania ni 967.8. Zikariri hizo tatu, zitakuokolea muda wakati wa utafiti.

Kuna mtego mwingine ambao mimi naupenda kuueleza. Kwa kanuni ya Dewey, kazi ya fasihi hupangwa kwa lugha ilimoandikwa kwanza, siyo lugha uliyoshika mkononi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, alitoa riwaya ya Paradise mwaka 1994 kwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, ikatoka kwa jina la Peponi mwaka 2022. Basi Peponi, Kiswahili kitupu, habari za pwani yetu wenyewe, kwa kanuni hiyo inakaa 823 pamoja na riwaya za Kiingereza. Na Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, tafsiri yake ya Shakespeare ya mwaka 1969, inakwenda 822 kwa Shakespeare. Maktaba nyingine hazifuati. Huweka Kiswahili rafu yake, na riwaya zote huzipanga kando kwa jina la mwandishi. Kwa hiyo ukikosa kitabu rafuni usiseme hakipo. Muulize mkutubi kwa jina la kitabu. Ndiyo kazi yake, wala hatakuona mjinga. (Na akikujibu kwa kununa, muulize tena kesho, mshahara wa ukutubi na joto la saa nane mchana vina mambo yao.)

Karatasi ya pili kwenye ubao wangu ilikuwa ya shughuli zijazo. Ukitaka kujua maktaba itafanya nini na lini, angalia kalenda: siku za maadhimisho ndizo hubeba shughuli kubwa. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, UNESCO waliitangaza mwaka 1995. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022. Tarehe 8 Septemba ni ya kusoma na kuandika. Tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, ina uzito mpya kwa yeyote mwenye muswada kwenye laptopu: washindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, walitangazwa tarehe hiyo mwaka 2023, na riwaya na ushairi vimekuwamo tangu mwanzo. Tangazo la kupokea miswada hutoka miezi mingi kabla. Usisubiri Aprili.

Kwa sababu ya tuzo hiyo maktaba ile ilikuwa imeanzisha huduma mpya, jioni ya miswada, mara mbili kwa mwezi. Unaleta kurasa tano, unasoma kwa sauti, wenzako wanakwambia walipochoka. Nilikaa vikao vitatu. Walikuja mwalimu mstaafu anayeandika utenzi, fundi cherehani mwenye riwaya ya upelelezi iliyojaa madaftari manne ya shule, na wasichana wawili wa kidato cha tano. Fundi alikuwa na mazungumzo mazuri kuliko mengi niliyoyasoma darasani. Tatizo lake ni kwamba kila mtu kwenye kitabu alikuwa anakufa. Wasichana wakamwambia. Akacheka, na kikao kilichofuata akaja na watu watatu amewafufua. Chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, walikuwa wamekaa wanachuo zaidi ya ishirini, wakiwemo wa fasihi, wamejiziba masikio kwa spika. Hakuna aliyevuka mlango. Sijui kama wangefaidika zaidi wao au yule fundi.

Huduma nyingine mpya niipitie haraka. Mafunzo ya kompyuta kwa wanaoanza hayakuhusu sana, ila wanatafuta wasaidizi, na barua ya utambulisho wanatoa. Intaneti ipo, siku nyingine inatambaa. Njoo na bando lako la akiba.

Ila karatasi ya vitabu vya sauti na vya nukta nundu naomba uisome hata kama macho yako ni mazima. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama ziweke kwenye sheria zao mwanya wa kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioona bila kuomba kwanza ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine. Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Kama una mwenzako darasani asiyeona, anayesubiri mtu amsomee madesa kila jioni, mwambie aende akaulize kitabu anachokihitaji kinaweza kupatikana au kutengenezwa kwa njia gani. Swali hilo lisipoulizwa na mtu halisi, mkataba unabaki karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwisho wa kila mwezi maktaba hujaza fomu. Kuna nafasi ya wanachama wapya, ya vitabu vilivyoazimwa, ya maswali yaliyoulizwa dawatini, ya waliohudhuria kila shughuli. Mwezi wa pili nilipewa mimi niijaze. Jengo lilikuwa limejaa mwezi mzima, watu wanagombea viti tangu asubuhi, wengine wanasomea kwenye ngazi. Kwenye fomu maktaba ilionekana imelala. Mwanachuo anayeingia bila kusaini daftari la mlangoni, akasoma madesa yake, akachaji simu, akatoka, hayupo popote kwenye ile karatasi. Alitumia kiti. Kitabu hakukigusa, mkutubi hakumsemesha, kwenye shughuli hakuketi. Na karatasi hiyo ndiyo inayokwenda juu pale inapoulizwa: tuongeze nini, tupunguze nini?

Kilichokuwa kinajadiliwa kupunguzwa ni saa ya hadithi. Kila Jumamosi saa nne watoto wa mtaa wanakaa kwenye mkeka kitengo cha watoto, wanasomewa kitabu kimoja au viwili, kisha wanachagua cha kwenda nacho nyumbani. Wengi wao nyumbani hakuna kitabu kingine zaidi ya cha shule. Mwalimu aliyekuwa akiwasomea kwa kujitolea alihamishiwa wilaya nyingine. Tangu hapo anasoma mkutubi mwenyewe, na mkutubi wa Jumamosi ni mmoja. Nimemwona anasoma ukurasa, anainuka kupokea kitabu dirishani, anarudi, watoto wamesahau sungura alikuwa amejificha wapi. Mpaka namaliza fildi uamuzi haukuwa umetoka. Hoja ya kuifuta ilikuwa nyepesi: idadi imeshuka. Kweli imeshuka, kwa sababu msomaji hayupo. Na wasomaji wanaoweza kusimama mbele ya watoto kwa saa moja walikuwa wamekaa hatua thelathini kutoka pale, wa ualimu hasa, ambao mwaka wa pili wanahangaika kutafuta pa kufanyia mazoezi.

Kwa hiyo muhula huu, kabla ya UE kutubana, ukienda maktaba ya umma saini daftari la mlangoni hata kama umekuja kusoma madesa tu. Jiandikishe uanachama: chukua kitambulisho cha chuo na picha, uliza ada na kama wanataka mdhamini, maana kila mahali pana utaratibu wake. Azima kitabu kimoja, kirudishe kwa tarehe iliyogongwa. Andika pendekezo moja kwenye daftari. Na kwa walioko ualimu: mwombeni mkutubi Jumamosi mbili kwa mwezi, mgawane zamu wanne wanne, mwende na barua ya idara ili saa zihesabike. Chagua kitabu cha watoto kilichopo palepale rafuni, kisome mara mbili nyumbani kwa sauti, uwahi kabla ya saa nne. Mkeka uko nyuma ya kabati la magazeti.