Kabla ya Kumpa Mteja Vyuma: Mazoezi ya Kurekebisha kwa Makocha wa Marani

Mchumaji wa majani chai kwenye miteremko ya Marani hushinda ameinamisha shingo, mikono miwili mbele, kikapu mgongoni. Mwendesha bodaboda hukaa kutwa nzima nyonga zimekunjwa. Jioni wakija kwako kufanya mazoezi, ukiwapa zoezi lilelile na uzito uleule, unawabebesha mzigo juu ya mwili ambao hujauchunguza.

Vladimir Janda, daktari wa mishipa ya fahamu wa Prague, alieleza katika karne iliyopita jinsi misuli ya kifua na ya nyuma ya shingo inavyoweza kukaza huku ile ya mbele ya shingo na ya katikati ya mabega ikidhoofika. Maelezo yake yanasaidia, ila yasikufanye upige ramli: wengi wenye mabega yaliyopinda hawaumwi popote. Pima kwanza.

Kipimo rahisi ni kuchuchumaa mikono ikiwa juu. Mteja avue viatu, atenganishe miguu kwa upana wa mabega, vidole vitazame mbele. Achuchumae mara tano, polepole, mpaka kimo cha kiti. Usimwambie "nyoosha mgongo", maana unataka kuona anavyojiendesha mwenyewe. Ukiwa mbele yake, angalia kama magoti yanaingia ndani au nyayo zinageuka nje. Hamia ubavuni: visigino vinanyanyuka? Kiwiliwili kinalala mbele? Mikono inashuka?

Sasa weka ubao wa sentimita tatu hivi chini ya visigino, arudie. Magoti yakitulia, huenda kifundo cha mguu ndicho kilichokakamaa. Yakiendelea kuingia ndani, shughulikia misuli ya makalio na ya pembeni mwa nyonga. Ubao huo mmoja utakuepusha na majuma ya kunyoosha mahali pasipohitaji kunyooshwa.

Akiwa mama wa makamo, mtafutie mahali pa faragha na leso ya kujifunga, na umwombe ruhusa kabla ya kumgusa: "Mama, naweza kushika bega lako?"

Kazi yenyewe hufuata mpangilio. Legeza misuli iliyokaza kwa kuibingirisha juu ya mpira wa tenisi, ukitulia sekunde 30 penye uchungu wa kuvumilika. Inyooshe kwa muda kama huo. Kisha iamshe ile iliyolala: kwa mchumaji, alale kifudifudi anyanyue mikono na kuvuta mabega nyuma mara 10 hadi 15, akiishusha kwa sekunde nne. Mwisho unganisha yote katika mwendo mzima, kama kuchuchumaa na kusimama huku akisukuma jerikeni ndogo ya maji juu. Makocha wengi huishia kwenye kunyoosha; mteja anatoka akijisikia mwepesi, na kesho kutwa amerudi palepale.

Andika ulichokiona, na baada ya wiki nne rudia kipimo hichohicho.

Kuna mteja usiyepaswa kumgusa. Mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri, mguu unaoishiwa nguvu au mkojo usiozuilika ni dharura: apelekwe hospitali mara moja. Maumivu baada ya ajali ya pikipiki, yanayoambatana na homa, au yanayomwamsha usiku nayo ni ya daktari. Kutibu jeraha ni kazi ya mfiziotherapia aliyesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2014. Cheti cha mazoezi ya kurekebisha hakikupi kibali hicho, hata kikitoka Marekani.

Ukitaka kusomea kazi hii, uliza kwanza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya kiufundi. Halafu uliza ni saa ngapi utapima watu halisi mbele ya mwalimu. Wakikujibu kwamba masomo yote ni video na mtihani wa kuchagua majibu, tafuta pia kocha mzoefu akusimamie, kwa sababu goti linaloingia ndani kidogo tu hutalitambua mpaka uwe umetazama magoti mengi.