Somo la Robo Hii: Utaratibu Kwanza, Simu Baadaye



Kwa nini teknolojia ileile hustawi mahali pamoja na kudumaa pengine? Tumezoea kujibu kwamba ni umaskini au ukosefu wa umeme. Hebu tuangalie nchi mbili jirani.

Nchini Kenya, M-Pesa ilianza Machi 2007. Sheria maalumu ya fedha za simu haikuwepo. Benki Kuu haikuizuia. Iliiruhusu kwa masharti, likiwemo la kutunza fedha za wateja benki chini ya udhamini, mbali na fedha za kampuni. Mwanakijiji hakuyajua masharti hayo, lakini alipokwenda kwa wakala alipata fedha yake. Imani ikajengeka.

Ethiopia, yenye watu wengi zaidi, ilikuwa na kampuni moja tu ya simu, mali ya serikali. Huduma yake ya fedha, telebirr, ilianza Mei 2021, miaka 14 baadaye. Kampuni ya pili ilianza kazi 2022. Haja ya kutumiana fedha ilikuwepo kote kuwili. Kilichotofautiana ni taasisi na maamuzi yake.

Hapa Tanzania, tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, wengi walirudia kubeba fedha mkononi. Serikali ikaipunguza mwaka huohuo. Sera hujenga, na sera hubomoa.

Nasi tumejifunza kwa gharama. Katika usharika mmoja tulihimiza michango ya kisima itumwe kwa simu. Laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mmoja, na taarifa haikusomwa. Hakuna aliyethibitisha wizi, lakini michango ilipungua na kazi ikasimama. Kosa lilikuwa letu: tulitanguliza chombo kabla ya utaratibu. Sasa malipo huingia kwenye akaunti ya usharika yenye watia saini watatu, na taarifa hubandikwa kila mwezi. Wengi wamerudi kuchangia, ingawa si wote.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Laini inayopokea michango yetu ina jina la nani?
2. Taarifa husomwa lini, na mbele ya nani?
3. Mwenye simu akihama, fedha zitakuwa wapi?

Nanyi wafadhili wetu, mnapouliza tumenunua kompyuta ngapi, tunaomba muulize pia ni nani anayekagua hesabu zilizomo. Swali hilo litatusaidia zaidi.