Akili ya Dukani na Mambo ya Nyumbani

Somo letu la leo latokana na swali hili: Je, yafaa mtu aichukue akili ya dukani aitumie nyumbani kwake, kwa jamaa zake na majirani zake? Vitabu vya siku hizi vinavyofundisha kazi ya uuzaji vyasema yafaa, tena vyadai ya kuwa kila mtu ni muuzaji, apende asipende. Kijana atafutaye kazi auza ujuzi wake, mposaji auza sifa zake, na baba amkanyaye mwanawe auza nasaha. Wengi wetu tukiyasikia maneno haya huchukizwa, kwani twaona kana kwamba heshima na mapenzi vimetiwa bei. Chuki hiyo ina haki yake, nasi tutaifikia. Lakini kwa upande mwingine yatokana na kutojua kuuza ni nini.

Aghalabu hudhaniwa kwamba kuuza ni ile kazi ya dalali mnadani, apazaye sauti na kuisifu bidhaa mpaka jasho limtoke. Hebu mtazame muuza kanga aliye hodari. Mwanamke akiingia dukani, muuzaji huyo hammwagii mzigo wote mbele yake. Humwuliza kwanza: kanga ni yako au ni zawadi? Ni ya arusi, ya kumpelekea mzazi, au ya kuvaa nyumbani? Kwani ajua ya kuwa jina la kanga lililo zuri kwa mama laweza kuleta ugomvi likipelekwa kwa wifi. Akishaijua haja ya mteja ndipo ashushapo jozi mbili au tatu, akazikunjua, akanyamaza. Huyu ameanza na mnunuzi, na dalali ameanza na bidhaa.

Dukani, hata hivyo, fedha huuficha ukweli wa jambo hili. Ili tuione fani yenyewe peke yake, yatupasa tutazame mahali ambapo mtu alitaka kitu kikubwa kwa wenziwe naye hana cha kuwalipa. Mfano ulio wazi twaupata bara, katika nchi ya Ukambani, upande wa Kola, kusini mwa mji wa Machakos, kwenye njia iendayo Wote. Ni nchi ya vilima na mito ya msimu: mvua ikinyesha mto hufurika kwa siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu.

Katika mwaka wa 1938 Serikali ya kikoloni iliona ya kuwa ardhi ya Machakos yaliwa na makorongo, nayo ikaamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei duni, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari kikiwangoja huko Athi River. Haki isemwe: maradhi ya ardhi waliyoyataja maofisa wale yalikuwa ya kweli. Lakini hawakuuliza ng'ombe ni nini kwa Mkamba. Ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa ukame, ni heshima ya mtu mbele ya wenziwe. Basi mwezi wa Julai mwaka ule zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wiki kadhaa, mpaka ikambidi Gavana Brooke-Popham aende Machakos kusema nao. Kabla ya mwaka kwisha amri ile ya nguvu iliachwa. Muindi Mbingu naye alihamishwa kwa adhabu akapelekwa Lamu, katikati ya watu wetu wenyewe, jambo ambalo vijana wengi wa pwani hawalijui.

Sasa turuke miaka arubaini. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, karibu na Kola, walianza jamii ya kusaidiana. Adui yao alikuwa yule yule wa mwaka 1938, yaani ardhi kuchukuliwa na maji na maji yenyewe kupotea. Dawa yao mojawapo ilikuwa bwawa la mchanga. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu, ukasimama juu ya mwamba. Mvua zikija huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa baina ya chembe za mchanga, pengine kufikia sehemu 40 katika 100 ya ujazo wote. Jua haliwezi kuyakausha upesi, wala mbu hapati pa kutaga. Mtu hufukua kidogo, au hutia bomba, akapata maji safi wakati wa kiangazi.

Lakini ukuta huo hujengwa kwa mikono. Mawe lazima yabebwe, mchanga uchotwe, maji ya kuchanganyia saruji yaletwe, na hayo yote hufanywa na watu wasiolipwa. Waliombwaje wakakubali? Kwanza, walichoahidiwa kilikuwa ni kile kile walichokililia kila siku, kwani mwanamke aendaye mwendo wa saa kadhaa na mtungi mgongoni hahitaji kuelezwa thamani ya maji yaliyo karibu. Pili, waliitwa kwa desturi waliyoijua, nayo ni mwethya, kazi ya ujima ya Wakamba tangu zamani. Tena ukuta mmoja ukishajaa maji, watu wa bonde la pili hawangoji hotuba. Huja wenyewe kuuliza. Jamii hii ndiyo asili ya shirika lililochukua jina la Utooni, na mabwawa yaliyofuata yahesabika kwa mamia.

Na tulirudishe somo hili kwetu. Barua nyingi za vijana wetu za kuomba kazi huanza na dhiki ya mwombaji: baba amefariki, wadogo zangu wanitegemea, nimekaa bure miaka miwili. Yote ni kweli, na ni ya kuhurumiwa, lakini mwenye kazi hakutangaza kuwa atafuta mtu mwenye dhiki. Atafuta mtu wa kupanga hesabu zake zilizovurugika. Kijana angelikwenda kwanza akauliza hesabu hizo zimevurugika wapi, kisha akaandika mistari mitano juu ya hilo, angeliitwa. Baba naye amfokeaye mwanawe aondoke barazani awauza ng'ombe wa watu kwa nguvu. Hakumwuliza mtoto ni kitu gani akipatacho pale barazani asichokipata nyumbani.

Ama ile chuki tuliyoitaja mwanzoni, haki yake ni hii. Biashara ya dukani huisha mlangoni, na mnunuzi aliyedanganywa hununua kwingine. Mke hawezi kununua kwingine, wala jirani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipitia sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka akaona umajimaji chini, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Mshenga aendaye kuposa akamsifu kijana kwa kazi na ukoo, akanyamazia deni lake, amefanya kama yule mwenye nafaka, na atakayeukuta umajimaji ni binti wa watu, baada ya ndoa.

Tena yako mambo yasiyoingia dukani kabisa, kama kumzuru mgonjwa au kumkalia mzee aliyesahau jina lako. Mtu amwonaye kila amkutaye kuwa ni mteja, hata salamu yake watu huishuku.

Wajenzi wa mabwawa nao wanalo lundo lao la nafaka. Si kila mto wafaa: pasipo mwamba chini, maji hupenya yakapita, na mto uletao matope badala ya mchanga mwingi hauweki maji ya kutosha. Kijiji chaweza kuja kimekwisha kushawishika, mawe yamekwisha kukusanywa, na wanawake wameshika ndoo. Hapo aliyewavutia ndiye hupaswa kuwaambia, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, ya kuwa mto wao haufai.